Oda Kumi na Mbili za Simu Moja

Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanivisha kanga mbili, mkaniambia niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa. Baadaye nikasikia mnanong'onezana kwamba bibi amezidiwa na machozi. Machozi wapi, nilizidiwa na pilau. Maneno ninayo, tena mengi, ila mengine hayasemeki mbele ya mwenye duka na wageni wake. Nimeona bora niyaandike, ili ninyi mliobaki mkiliangalia duka letu la mtandaoni myasome polepole. Na yule asiyependa kuambiwa ayasome mara mbili.

Kwa wale mliokuja juzi, mnaonijua kwa sweta langu la kijani tu: jina langu Skolastika. Nilikuwa karani mpiga chapa wa chama cha ushirika hapa Kasulu, tangu enzi za mashine za kugonga kwa nguvu mpaka kompyuta ya kwanza ilipoletwa, tukaifunika kitambaa cha kufuma isipigwe na vumbi. Chama kilipofunga milango nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, vidole bado vyepesi. Bi Rukia ndiye aliyeniokota. Huyu ndiye mwenye duka: babu yake alikuja huku kutoka Tanga na marobota mawili ya kanga, akaoa, akabaki. Bi Rukia alikuwa na duka la mtaani, la vitenge, vyombo, mbegu na asali, na alikuwa ameanzisha lile la mtandaoni. Alitaka mtu wa kujibu ujumbe wa wateja.

"Dada Skola," aliniambia, "wewe unaandika bila kutazama vidole. Mimi nikitazama vidole nasahau mteja kauliza nini."

Duka lenyewe lilitengenezwa na kijana mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Dar. Alikaa wiki mbili, akasifia baridi yetu, akasema, "Mama, duka limekamilika," akapanda basi akaenda zake. Wiki ya tatu duka likalala. Mteja akifungua anaona ukurasa mweupe. Tulimpigia kijana simu mpaka tukachoka, na alipopokea alisema hiyo sasa ni kazi mpya. Basi shikeni hili la kwanza: atakayewaambia duka la mtandaoni limekamilika, mpeni nauli. Kulijenga ni kazi ya wiki chache, ila kulitunza ni kazi ya kila siku iendayo kwa Mungu, maana simu za watu zinabadilika, mitandao inabadilika, njia za kulipia zinabadilika, na nyinyi mkikaa tu mtakuta siku moja kitufe cha kununua hakibonyezeki na hakuna aliyekigusa.

Aliyetuamsha ni Ezekieli, fundi redio wa nyuma ya soko. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa tumboni, na leo ni Mtanzania kwa karatasi na kwa ubishi. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua zile zilizokufa na kuzipeleleza. Alilitazama duka letu siku tatu bila kugusa kitu, mimi nimekaa pembeni nakereka, kisha akageuka akaniuliza, "Mama Skola, unataka nikutengenezee au nikufundishe?" Nikamwambia anifundishe, kwa sababu nilishachoka kumpigia mtu simu asipokee. Miaka miwili nilikaa naye kila alasiri. Nilikuwa mwanafunzi mbaya, mwenye maswali ya hasira, naye alikuwa mwalimu asiyepandisha sauti, jambo lililonikera zaidi.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Badilisha kitu kimoja, kitazame siku nzima, kesho badilisha kingine. Mimi niliiona sheria ya wazembe. Siku moja ya soko, Bi Rukia akiwa safarini Kibondo, niliamua kufanya mambo manne kwa pamoja: nikaongeza bidhaa, nikapanga upya kurasa, nikabadilisha picha, nikahamisha na bei. Saa nne asubuhi Kasulu nzima ilikuwa inacheka. Picha zote zilikuwa zimesogea nafasi moja. Ukitaka sufuria unaonyeshwa jembe, ukitaka jembe unaonyeshwa sidiria. Mchungaji mmoja wa Murungu alipiga simu kwa heshima zote, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa, ndipo akasema, "Mama, mimi niliagiza spika ya kanisa. Hiki ninachokiona hapa kanisani hakivaliwi." Kwa kuwa nilibadilisha mambo manne, sikujua ni lipi lililoharibu, ikabidi niyarudishe yote nyuma moja moja mpaka jioni. Ezekieli alikuja, akakaa, akala karanga, hakusema lolote. Hilo ndilo lililonifundisha.

Makere nako nilijifunza la picha. Wateja wa Makere walikuwa hawanunui, na Bi Rukia akadhani hawapendi vitenge vyetu. Nikapanda gari nikaenda nikakaa kwa mama mmoja muuza maandazi, nikamwomba afungue duka letu kwenye simu yake. Duara likazunguka. Akachoma maandazi, akageuza, akatoa, duara bado linazunguka. Akaniambia, "Dada, duka lenu linakula bando kuliko watoto wangu." Picha zetu zilikuwa kubwa mno, nzuri kwenye kompyuta ya ofisini, mzigo kwenye simu ya Makere. Tulizipunguza zote, na kuanzia hapo kila tulipobadilisha ukurasa nilikuwa nabeba simu ya bei ndogo naenda nayo mahali penye mtandao wa kubahatisha kuujaribu. Mkitaka kujua duka lenu kama ni zima, msiliulize mkiwa mmekaa karibu na mnara.

Nawasimulia haya ya kuchekesha kwanza ili mkifika kwenye lile lisilochekesha mjue nilikuwa nimeshafundishwa. Sikukosea kwa kutojua.

Tatizo lilikuwa oda za kujirudia. Mteja anabonyeza "agiza", mtandao unasuasua, haoni jibu, anabonyeza tena, na tena. Kwetu zinaingia oda tatu. Mzigo unafungwa mara tatu, unapelekwa kwenye kituo chetu cha kuchukulia pale Kibondo, mteja anakuja anachukua mmoja, analipa mmoja, miwili inarudi Kasulu imechakaa kwa vumbi. Bi Rukia alivumilia, akavumilia, mwisho akaniambia, "Dada Skola, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba."

Nikaziba. Niliandika kanuni kwamba oda zikitoka kwenye namba moja ya simu, za bidhaa ileile, kiasi kilekile, kwenda kituo kilekile, ndani ya saa moja, mashine ishike ya kwanza na kuzitupa zinazofuata. Ezekieli akauliza, "Na jina la mteja?" Nikamwambia jina halisaidii. Mwanamke wa huku akibonyeza mara ya kwanza anaandika Mama Shukuru, ya pili anaandika Agnesi, ya tatu mumewe ananyang'anya simu anaandika lake. Ezekieli akafikiri, akasema, "Basi usizitupe. Ziweke kando, tuwe tunazitazama kila asubuhi."

"Nizitazame za nini? Nitazame takataka?"

"Mama Skola, utajuaje kama ni takataka kama hujazitazama?"

Nikamwambia aende akatengeneze redio. Nilikuwa nimeshakuwa fundi, mnaona, naitwa na watu wa Kibondo kuwasaidia, sikutaka kufundishwa tena mbele ya wafungaji mizigo. Kisha nikaongeza madoido ya kwangu. Niliona mteja aliyebonyeza mara mbili akiambiwa "imekataliwa" atashtuka, na watu wetu hawapendi kukaripiwa. Kwa hiyo hata kwa zile zilizotupwa mashine ilijibu kwa adabu: "Oda yako imepokelewa. Asante."

Jamani, duka lilitulia. Wiki tano hakuna oda pacha, hakuna mzigo uliorudi. Bi Rukia alininunulia kitenge. Mimi nikajiona nimemaliza kazi, tena nilitembea sokoni nikitaka watu waniulize habari ya duka. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema, na mimi niliijua methali hiyo tangu shule.

Ilikuwa mwanzoni mwa msimu, mawingu yanajikusanya kila mchana na kutawanyika, watu wanatengeneza mashamba na kusubiri mvua za kwanza. Wakati huo tulikuwa tunauza mbegu bora za maharage, zilizopakwa dawa. Asubuhi moja akaingia dukani mwanamke wa makamo, viatu vimejaa udongo wa njia ndefu. Akapiga magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kwa viganja kama tunavyosalimiana Waha, "Mwakeye," nami nikamjibu. Tukasalimiana salamu zote. Alikuwa Mama Yohana, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa Nyabibuye, kule karibu na mpaka wa Burundi. Ametoka huko mpaka Kakonko, Kakonko mpaka Kibondo, Kibondo mpaka kwangu.

"Mama," akasema, "tuliagiza mifuko kumi na miwili ya mbegu. Kibondo wametupa mmoja. Nimekuja kuuliza mingine iko njia gani."

Nikafungua kompyuta. Oda moja, namba moja, mfuko mmoja wa kilo kumi. Nikamwonyesha. "Mliagiza mara moja, mama. Mashine haidanganyi."

Hakubishana. Alikaa kwenye kigoda, akaweka simu yake mapajani, akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Kikundi chao kina wanawake kumi na wawili na simu moja tu ya tachi, hiyo hapo. Walikubaliana wote waagize sawa, kilo kumi kumi, asiwepo wa kumtazama mwenzake. Na kwao mtu haagiziwi na mwingine, kwa sababu walishawahi kugombana hapo nyuma, mmoja aliagizia wenzake mambo yakaharibika, lawama zikaenda mpaka kanisani. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada walikaa barazani mwa kanisa, simu ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliandika jina lake. Kila mmoja akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Na kila mmoja alisubiri jibu, akalisoma kwa sauti wenzake wasikie, ndipo akampa wa pili yake.

"Yote kumi na mawili yalisema asante," akasema Mama Yohana.

Namba moja, bidhaa moja, kiasi kimoja, kituo kimoja, ndani ya saa moja. Kanuni yangu ilikuwa imewakuta wanawake waliopatana kuliko watu wote wa mkoa huu, ikawahesabu kuwa kidole kimoja kinachobonyeza kwa kutetemeka. Nikatafuta zile kumi na moja. Hazikuwepo. Nilikuwa nimezitupa, sikuziweka kando.

Na mimi nilizaliwa nchi hii. Mama yangu alikuwa na wenzake wa kulima naye kwa zamu, wakipanda mbegu moja siku moja. Kijana wa Dar angekosea hilo ningemcheka mwaka mzima.

Nikamwambia Mama Yohana ukweli. Nikasema kanuni ni yangu, kosa ni langu, mashine imefanya nilichoiambia. Akaifunga simu yake kwenye ncha ya kanga. Kisha akasema, "Mvua ikinyesha kabla ya mbegu, tutapanda yale maharage ya kula, ya chunguni. Mwaka jana tulipanda ya chunguni. Hayakutoa kitu." Hakulia wala hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nikaenda kwa Bi Rukia. Alikuwa anapima vitenge, akaendelea kupima nikisema, nilipomaliza akaweka mita mezani.

"Ghalani ipo mingapi?"

"Minne. Mingine imeuzwa."

"Wanataka kumi na mmoja. Sasa wewe umekuja kunipa habari au kunipa shauri?"

"Nimekuja kukuomba kirikuu," nikamwambia, maana ndiyo gari ndogo ya mizigo tuliyokuwa nayo. "Saba nitaitafuta. Na nitaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwao."

"Na uso wako unauweka wapi?"

"Nitakwenda nao hivyo hivyo."

Akanitazama. Akasema jina la duka hili babu yake alilibeba kichwani kwa miguu, na akataka litoke Nyabibuye likiwa zima. Akanipa ufunguo.

Mchana huohuo niliizima ile kanuni. Hilo tu, sikugusa kingine, ingawa mikono ilikuwa inaniwasha. Kisha nikamwita Mama Yohana anitajie majina, kwa kuwa mimi nilikuwa sina hata moja. Alifumba macho akayataja kwa mpangilio waliokaa barazani siku ile, kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo, nami nikapiga chapa kila jina kwenye karatasi yake na kuikunja tayari kubandika kwenye mfuko. Akalala kwangu. Kesho yake nikaenda Makere kwa muuza pembejeo mmoja aliyekuwa amechukua mbegu zetu kwa wingi. Hakutaka kuziachia, msimu ndio huo, na alikuwa na haki. Nilikaa dukani kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikawasaidia hata kupanga chumvi. Mwisho akasema, "Bibi, chukua hiyo saba uende, unanifukuzia wateja kwa huo uso." Nikachukua.

Kwa Ezekieli nilipita nikiwa njiani kurudi. Nilisimama mlangoni kwa fundi huyo nikamwambia, ulisema. Akasema, "Nilisema." Akazima chuma cha kuchomelea, akafunga duka, akaja ofisini. Ndivyo tulivyoanza ile kazi mnayoikuta leo na kuidhani ilikuwepo siku zote.

Tulikwenda kitu kimoja kimoja, siku kwa siku. Kwanza oda zinazofanana zikawa zinawekwa kando, na mtu mwenye akili timamu anapiga simu kuuliza, kila asubuhi kabla ya chai. Nawaambia ninyi mnaoona uvivu kupiga: dakika mbili za salamu na swali moja. Pili, mteja akawa anaambiwa ukweli, kwamba oda yake inafanana na nyingine, je ni yake au ya mwenzake? Nilikosea sana kudhani watu wetu wanaogopa kuulizwa. Wanachochukia ni kudanganywa kwa upole. Tatu, ndipo tukajenga kikapu cha kikundi. Simu moja, majina mengi, kila mtu anabonyeza lake kwa kidole chake, na kila mfuko unatoka umeandikwa jina la mwenyewe. Mama Yohana ndiye aliyetujaribia. Alikuwa anapiga simu kutoka Nyabibuye anasema, "Hapa mmetaka namba ya nyumba. Nyumba zetu hazina namba, andikeni jirani na nani." Tukaandika jirani na nani.

Kikapu hicho ndicho kilicholikuza duka. Si matangazo ya redioni, wala zile picha za vijana wanaocheka walizoleta watu wa matangazo. Vikundi vya Murungu vilikuja, kwaya zikaagiza sare, walimu wakaagiza madaftari, familia za watu waliohamia kutoka kambi za wakimbizi na kuwa raia zikaagiza majembe kwa pamoja. Kila msimu ulikuwa unatuletea dosari mpya na kila dosari ilitufundisha jinsi watu wanavyoishi. Kazi yetu ni hiyo. Mwenye haraka ya kumaliza akatafute kazi ya kuchimba kisima, angalau kina chini.

Hapo ndipo watu wengi wangeishia kusimulia, wakapigiwa makofi. Nami nimesimulia hivyo mara nyingi, hata kwenye semina moja niliyoitwa Kibondo. Leo nasema na lililobaki.

Kesho yake baada ya Makere tulitoka Kasulu alfajiri, mimi, Mama Yohana na mifuko kumi na mmoja. Mpaka Kakonko lami ilitubeba vizuri. Baada ya hapo ni udongo, na kilomita chache mbele tukaona ardhi imelowa. Mvua ilikuwa imenyesha huko usiku uliopita. Mama Yohana akatazama nje, akasema tu, "Imekuja." Kirikuu kilikwama mara mbili, tukashuka tukasukuma, na mimi niliyekuwa na magoti mabovu nilisukuma kama sina magoti.

Walikuwa barazani mwa kanisa, wametusubiri. Ule mfuko mmoja waliopewa Kibondo ulikuwa pale katikati yao, bado umeshonwa. Ulikuwa wa Mama Yohana, aliyebonyeza wa kwanza, naye alikuwa amekataza usifunguliwe mpaka mingine ifike. Wakanipigia makofi ya salamu. Nikasema mbele yao wote yale niliyomwambia yeye, kwa Kiha, nisije nikajificha kwenye Kiswahili cha ofisini. Kisha nikaita majina, mmoja mmoja, nikimkabidhi mtu mfuko wake. Wengine waliondoka palepale na jembe begani, wakaanza kupanda siku ileile. Msimu ule maharage yao yalitoa vizuri, walinitumia debe.

Jina la mwisho lilikuwa Domitila, mama wa umri wangu, mwembamba. Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru, akaushika kidogo, kisha akanirudishia.

"Mfuko mmoja ulipokuja tukaambiwa duka limezikana oda zetu," akasema. "Jirani alikuja kutaka shamba langu alime msimu huu. Sikuwa na mbegu, nikamkubalia. Neno limetoka."

Nikatazama alikoonyesha. Watu wawili walikuwa wanalima kwenye mteremko, udongo mweusi umeshageuzwa.

Nikamwambia abaki na mbegu, azitunze mpaka msimu ujao. Akasema ghala lake lina panya, na nyumbani ana wajukuu, mbegu ya dawa wakiipika je? Nikamwambia basi nitamletea nyingine wakati huo. Akatikisa kichwa taratibu, bila ubaya.

"Mama, nikuulize. Siku ile nilibonyeza mimi mwenyewe. Ikaniambia asante, nikawasomea wenzangu. Aliyekuwa ananiambia asante ni nani?"

Mama Yohana akainamisha uso. Ningeweza kusema ni mashine, na wala hakuna ambaye angenibishia.

"Ni mimi," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi nimekujua," akasema, akaondoka.

Nilirudi na mfuko ule Kasulu. Miaka yote iliyofuata Nyabibuye waliagiza, kikundi kimoja kikazaa vitatu, na kila msimu, kabla sijapeleka orodha yao ghalani, nilikuwa naipitia jina kwa jina, kuanzia juu mpaka chini. La Domitila sikuliona tena. Sasa mimi nimekaa nyumbani, orodha ziko kwenu. Msimu ukianza, litafuteni.